Kutafuta Nyundo ya Gumegume, Bariadi hadi Kalemela

Niliondoka nyumbani Bariadi asubuhi moja ya msimu wa pamba, nikiwa na begi lenye shati moja, mswaki, na kipande cha chuma kilichovunjika nimekifunga kwenye leso. Sikuwa na mpango. Mpango unachelewesha, maana lazima kwanza ukae uufikirie. Nilijua tu ninachotafuta, na nani hasemi nami kwa sababu yake.

Mmeniuliza wote, mmoja mmoja na kwa makundi, kwa nini mjomba wangu Masunga alisimama mbele ya uwanja mzima mwaka huu akasema yale maneno matano kabla ngoma haijaanza, na kwa nini wazee wengine walivua kofia. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Naandika mara moja, anayetaka asome, anayetaka asomewe.

Kwa wasiojua, Mjomba Masunga ni manju, ndiye anayetunga na kuongoza nyimbo za kundi letu la ngoma. Ana gobore la gumegume aliloachiwa na babu yake. Gobore hilo halijapiga kitu tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Mtutu umezibwa kwa risasi iliyoyeyushwa, na polisi wanalijua. Kazi yake ni moja. Pamba ikishavunwa na makundi mawili yakijipanga uwanjani, mjomba huliinua juu akafyatua. Nyundo inashuka na jiwe lake, cheche inaruka, ngoma zinalia. Bila cheche hakuna ngoma.

Nyundo hiyo niliivunja mimi. Mwaka jana, ngoma ilipokwisha, mjomba alitoa jiwe lake kama kawaida, akalitia mfukoni, akanipa gobore nilibebe. Watu walikuwa na kiu, soda zipo, opena haipo. Sasa nyundo ya gumegume ina taya mbili za kubana jiwe, na taya hizo zilikuwa wazi mbele ya macho yangu. Soda ya kwanza ilifunguka vizuri sana. Nilifungua karibu kreti nzima, watu wananisifu. Ilipobaki moja, taya ya juu ilikatika.

Mjomba hakunipiga wala hakunitukana. Aliichukua ile soda ya mwisho, akaitazama, akairudisha kwenye kreti. Tangu siku hiyo hakunisemesha. Mimi nimelelewa kwake tangu nilipoacha shule darasa la sita, na nikitoka kuzurura narudi kwake. Mwaka mzima nilikuwa nikimsalimu asubuhi, naye akijibu kwa kumgeukia mbuzi. Msimu ulipokaribia nikamsikia akimwambia mkewe, "Mwaka huu wacheze wengine. Siwezi kuinua kipande cha mti mbele za watu."

Kesho yake ndipo nilipoondoka.

Bariadi hadi Nkoma, ndani ya lori tupu

Nilipata lori lililokuwa likienda Nkoma kuchukua pamba. Dereva alisema tutafika saa nne. Saa nne tulikuwa chini ya lori, mimi na utingo, tukitafuta nati ya gurudumu iliyodondokea kwenye vumbi. Tuliipata saa sita. Ilikuwa mfukoni mwa utingo.

Huyo utingo alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zilizojaa nyuzi za pamba, na nilipomwonyesha kile kipande kwenye leso alikifunika haraka kwa kiganja.

"Kaka, hiki usikionyeshe ovyo. Huku tumepakana na pori la akiba. Ukiuliza habari za bunduki, nusu ya watu watakuona askari wa wanyamapori, nusu watakuona jangili. Wote watakukimbia."

"Sasa niulizeje?"

"Zunguka. Anza mbali. Mpaka mwenyeji mwenyewe aulize, 'Kwani unataka nini?'"

Niliona ni ushauri wa mtu mwenye busara. Nilikuwa nimesahau habari ya nati.

Nkoma nilielekezwa kwa Mzee Ng'wandu, aliyewahi kupiga ngoma katika kundi la mahasimu wetu na anayejua vyuma vya zamani vilipo. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, akisuka kamba ya ng'ombe. Tukasalimiana kwa utaratibu: mwadila, mwadila, mtoto wa nani, ukoo gani, babu yako alikuwa nani, mvua kwenu ilikuwaje, ng'ombe wazima. Hapo nikaanza mbali.

"Mzee, nimetumwa na shida. Tumesikia katika mji wako kuna kitu ambacho kwetu kinakosekana."

Mzee aliacha kusuka. Akamtazama mkewe. Mkewe aliingia ndani, na punde kuku akalia nyuma ya nyumba, kisha akanyamaza.

"Endelea, baba," mzee alisema kwa upole.

Nikaona mambo yanakwenda. "Tunajua ni kitu cha zamani kidogo. Lakini sisi hatuangalii umri."

"Si cha zamani hivyo."

"Na tunajua kimekaa tu muda mrefu, hakuna anayekitumia."

"Nani kasema?"

"Watu wanasema. Lakini mjomba wangu hana neno. Kama kina kutu, tutakisugua."

"Kutu?" Hiyo ilikuwa sauti ya mkewe, kutoka mlangoni.

Mzee aliinua mkono kumtuliza. "Kijana anazungumza kwa mafumbo, ndivyo inavyotakiwa. Haya, mmejiandaa na ng'ombe wangapi?"

Nilistuka. "Ng'ombe, mzee? Mimi nilifikiria jogoo mmoja."

Mzee alinyoosha mkono kwenye fimbo yake. Alitoka ndani mwanamke wa umri wangu hivi, amejifunga khanga, kalamu nyekundu nyuma ya sikio. Alikuwa binti yao Nyamizi, mwalimu, yuko likizo, anasahihisha madaftari. Alinitazama toka juu hadi chini.

"Baba, kabla hujachukua fimbo, muulize kitu chenyewe ni nini."

Nikafungua leso. Nyamizi alikitazama kile chuma, akanitazama mimi, akamtazama baba yake, kisha akashika nguzo ya nyumba akacheka mpaka kalamu ikaanguka. Mama yake alirudi jikoni akisema kitu kwa Kisukuma kuhusu akili za watu wa Bariadi ambacho sitakitafsiri.

"Mshenga bila posa," Mzee Ng'wandu alisema, "na nimeshachinja."

"Naomba radhi, mzee. Naweza kuondoka."

"Uondoke uende wapi? Kuku hawezi kurudishiwa manyoya. Kaa ule."

Tukala ugali na kuku, na nsansa pembeni, yale majani makavu ya kunde yaliyopikwa na karanga. Alipomaliza kunawa, mzee akaniambia nilichokuja kutafuta. Magobore ya gumegume yaliyobaki kwetu yalikuwa mawili tu, na yote nyundo zake zilifuliwa na fundi mmoja kwa kipimo kimoja. Moja la Masunga. La pili la Machibya.

Machibya mnamjua. Alikuwa manju wa kundi la mahasimu wetu, akashindana na mjomba miaka na miaka mpaka alipofariki, misimu mitatu iliyopita. Mjomba hakuwahi kulitaja jina lake. Alimwita "yule wa upande ule." Hata msiba ulipotokea alisema tu, "Nasikia upande ule kuna msiba," akavaa koti akaenda kuzika, akarudi bila kulitaja.

"Alipokufa gobore lake lilifunguliwa," mzee alisema. "Vyuma vilipelekwa Maswa kwa shemeji yangu, fundi mizani. Ukimkuta usianze mbali. Anza karibu."

Kesho yake alfajiri Nyamizi alinisindikiza hadi barabarani. "Mwambie mjomba wako," alisema, "kutu ni kidogo tu."

Nkoma hadi Maswa, na jinsi nilivyopimwa

Safari hii niliifanya kwa pikipiki, dereva mbele, mimi katikati, na nyuma yangu bwana mmoja aliyekumbatia beberu. Beberu alikuwa ameweka kidevu begani kwangu. Tulipofika Maswa kola ya shati langu ilikuwa imekwisha.

Fundi mizani nilimkuta karibu na kiwanda cha kuchambua pamba, amezungukwa na mizani ya wanunuzi. Msimu wa pamba ndio msimu wake. Mkulima haamini mzani wa mnunuzi, mnunuzi haamini mzani wa mwenzake, wote wanamwamini yeye. Ni mzee mfupi, ana miwani iliyofungwa kwa waya, hapendi maneno.

"Natafuta nyundo ya gobore la Machibya," nilisema, nikianza karibu.

"Panda hapa kwanza."

Alinipandisha kwenye mzani wake mkubwa anaouamini, akasoma, akaandika kwa chaki ukutani. Kisha akanipeleka kwenye mzani wa kwanza wa wanunuzi, ule wa kuning'inia, akanifunga kwa mshipi kama gunia.

"Fundi, mbona..."

"Mawe yangu ya kupimia yamepelekwa kukaguliwa. Leo jiwe ni wewe. Usijitingishe."

Ndivyo nilivyofanya kazi Maswa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mzani wa kwanza ulisema mimi ni mwembamba. Wa pili ulisema nimepona. Wa tatu ulinipima kama vile nimembeba yule beberu, na mwenye mzani huo alipoona fundi anatikisa kichwa alianza kujieleza kabla hajaulizwa. Kila nilipoomba maji, fundi alikataa.

"Ukinywa utaniharibia kipimo."

"Na haja ndogo?"

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Mizani ilipokwisha aliniletea chai na mihogo ya kukaanga, akasubiri ninywe, akanipandisha tena kwenye mzani wake ili ajue tu mihogo ile ina uzito gani. Nilimpenda kwa hilo. Mimi pia ningetaka kujua.

Kisha akajibu swali langu la asubuhi. "Mtutu niliukatakata. Springi iko kwenye mzani wa pale Malampaka. Nyundo sina. Mjane alikuja mwenyewe akasema, 'Vingine fanya utakavyo, hicho nirudishie.' Amerudi kwao Kalemela, ana vyumba vya wageni. Anaitwa Milembe."

"Atanipa?"

"Wewe wa nani?"

"Wa Masunga."

Alivua miwani akaipangusa. "Basi ukifika, omba uwe umemkuta ameshakula."

Usiku ule nililala pale pale kwenye magunia na nilifikiri sana kuliko kawaida yangu. Nyundo moja tu duniani iliyobaki ya kipimo chetu, na iko kwa mjane wa mtu ambaye mjomba hawezi hata kulitaja jina lake. Kurudi mikono mitupu, mjomba hainui gobore. Kwenda Kalemela, huenda nikafukuzwa kwa mwiko. Nikaona aibu nimeshaizoea.

Maswa hadi Bariadi, nikiwa nimejificha

Ubaya wa kwenda Kalemela kutoka Maswa ni kwamba basi linapita Bariadi, linasimama stendi, na abiria wanakunywa chai. Mimi sikushuka. Niliteremsha kofia hadi puani nikajifanya nimelala, maana sikutaka mtu wa nyumbani anione narudi na kuondoka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nikasikia sauti ninayoijua chini ya dirisha. Mjomba Masunga alikuwa amekuja kutuma furushi.

"Kondakta, kiti hiki cha dirishani umempakia nani?"

"Abiria tu, mzee."

"Mwambie abiria wako viatu hivyo alinunuliwa na mimi. Siku nyingine akijificha aanze na miguu."

Basi zima likageuka kutazama viatu vyangu.

"Amekusikia, mzee," kondakta alisema.

"Sijasema naye. Nimesema na wewe. Muulize anakwenda wapi."

"Anakwenda wapi?" kondakta aliniuliza, uso wake umbali wa shubiri kutoka kwangu.

"Kalemela," nilisema chini ya kofia.

"Anasema Kalemela, mzee."

Kila mzee wa ngoma anajua nani anaishi Kalemela. Nilisubiri mjomba aseme nishuke. Badala yake nikasikia akipekua mfukoni, muda mrefu.

"Mpe hii. Usiseme imetoka kwangu."

"Mzee, anakusikia."

"Wewe mpe tu."

Ulikuwa mfuko wa matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, chakula cha njiani. Basi lilipoondoka nikaanza kutafuna, na chini ya mfuko vidole vyangu vikagusa kitu kilichofungwa kwa ngozi. Lilikuwa jiwe la gumegume. Tangu nizaliwe sijawahi kuona mtu mwingine akilishika. Nililiweka kwenye leso pamoja na ile nyundo iliyovunjika, na hadi Lamadi sikumsemesha jirani yangu, ingawa alikuwa na kasuku.

Lamadi hadi Kalemela

Lamadi nilisubiri gari saa tatu. Mama mmoja muuza sato wa kukaanga alinihoji mpaka akajua habari yote, akawaita wenzake, nikairudia tangu mwanzo. Walipiga kura kama nitapata nyundo au la. Nilishindwa kwa kura nyingi, lakini walinipa samaki.

Kalemela niliingia jua likiwa bado juu ya ziwa. Sikuwahi kufika. Nilipouliza pa kulala nikaonyeshwa nyumba ya bati yenye vyumba vinne kwenye mstari, na mbele yake mama mrefu anageuza dagaa kwenye turubai kwa mti.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu kama mama yangu.

"Mwadila. Chumba kipo kimoja. Wewe mtoto wa nani?"

Hapo ndipo mtu mwenye mpango angesema uongo.

"Wa Masunga. Manju wa Bariadi ni mjomba wangu."

Aliendelea kugeuza dagaa. "Mzima?"

"Mzima. Lakini mwaka huu hachezi."

Mti ukasimama. "Kwa nini hachezi?"

"Nyundo ya gobore imevunjika."

"Imevunjwa na nini?"

"Soda, mayu."

"Soda gani?"

"Ya machungwa, karibu zote."

Aliegemeza mti ukutani. "Njoo uone chumba."

Kitanda, chandarua, ndoo, dirisha la kuelekea ziwani. Mlango ulikuwa wa mbao nzito, na komeo lake lilikuwa chuma kilichopinda kama shingo ya bata, kimetobolewa, kinaning'inia kwenye msumari. Taya zake mbili zilikuwa nzima. Nilitoa leso, nikakiweka kile kipande changu karibu nacho. Walikuwa ndugu wa tumbo moja, isipokuwa mmoja hana mdomo wa juu.

"Misimu mitatu," Milembe alisema, "kila jioni nakifunga hicho na kusema, haya Masunga, lala nje."

"Basi hutanipa."

"Nani kasema? Mume wangu alikuwa akirudi ngomani ameshindwa, anasema, 'Milembe, siku huyu mtu asipokuja uwanjani, nitashindana na nani? Na vumbi?' Kundi lake sasa analo shemeji yangu. Hajui kutunga. Wakisimama peke yao, watu watakwenda kununua miwa. Namtaka Masunga pale, watoto wa Machibya wamshinde yeye, wasimshinde mti."

"Asante, mayu. Wabeja."

"Bado. Mume wangu alimtaja Masunga kila siku ya Mungu, mpaka nikawa nadhani tumeoana watatu. Mjomba wako alimtaja mume wangu mara ngapi?"

"Hata mara moja, mayu."

"Kabla ya kufyatua, aseme moto huo ni wa nani. Jina lenyewe, siyo 'yule wa upande ule.' Watu wote wasikie. Ukiahidi, chukua."

Kuahidi kwa niaba ya mjomba wangu ni sawa na kuahidi kwa niaba ya mvua. Lakini jiwe lilikuwa kwenye leso yangu. Mjomba alijua nakwenda kwa nani, na bado alilitoa.

"Atasema," nikajibu.

"Sasa mlango wangu? Viboko wanapanda kutoka ziwani, na chumba hiki ndicho cha kwanza njiani."

Nilichomoa nyundo ya Machibya kwenye msumari, nikaning'iniza ile yetu iliyovunjika. Tundu liliingia bila kugombana. Nikaufunga mlango. Bila ile taya ya juu ilishuka kwenye mahali pake kwa urahisi kuliko ya kwanza. Milembe akaufungua, akaufunga, akaufungua.

"Huu sasa ndio mlango," alisema. "Kumbe soda ina faida."

Kabla ya chakula nilibana jiwe la mjomba kwenye taya za Machibya, nikaligonga mgongoni mwa panga la mwenyeji wangu. Cheche iliruka hadi kwenye ndoo. Milembe aliokota panga lake, akasimama kidogo akilitazama, akaenda kupalia makaa.

Baada ya ugali na dagaa nilifunga mlango kwa nyundo ya mjomba, nikakaa kitandani nikifanya mazoezi ya namna ya kumwambia. Nilianza mbali, kama nilivyofundishwa na utingo: mjomba, safari ilikuwa njema, samaki wa huku watamu, mwenyeji wangu anakusalimu. Kisha nikajaribu kuyasema yale maneno kama atakavyoyasema yeye, polepole, ili yazoee mdomo: moto huu ni wa Machibya.

Kutoka upande wa pili wa ukuta nikamsikia Milembe, "Kwa sauti zaidi."